Mngeta: Chandarua na Bomba la Dawa

Katika nyumba nyingi za Mngeta kuna vitu viwili vinavyoning'inia. Kimoja ni chandarua juu ya kitanda. Kingine ni bomba la kupigia dawa, lile la kubeba mgongoni, ambalo watu bado huliita solo hata kama limetoka kiwanda kingine kabisa. Hutundikwa ukutani pamoja na panga na kombeo, tena ndani ya nyumba, maana likilala nje halitaamka. Mchana bomba hushuka kwenda bustanini. Usiku chandarua hushushwa kitandani. Familia hulala chini ya kimoja na kula kilichopitiwa na kingine, na ni wachache wanaojua kwamba sumu iliyomo katika vyote viwili mara nyingi ni ya ukoo mmoja.

Anayetoka Ifakara kwenda Mlimba huikuta Mngeta akiwa na milima ya Udzungwa mkono wa kulia na bonde mkono wa kushoto. Kulia kuna msitu na mito inayoshuka na maji baridi hata Oktoba. Kushoto ni tambarare ya mpunga, ambayo masika yakikolea hugeuka ziwa. Tangu mwaka 2002 bonde hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndiko kwao mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa dunia mwaka 1990 tu na ambaye haonekani kwingineko. Mto Kilombero nao huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Kwa hiyo kinachooshwa kutoka kwenye tuta la nyanya la Mngeta kina safari ndefu mbele yake: bwawa la Julius Nyerere, mikoko ya delta, na hatimaye bahari.

Mpunga ukishavunwa na maji yakapungua, kingo za mito hugeuka bustani. Nyanya, bamia, chainizi, mchicha, bilinganya, tikiti. Hizi ndizo fedha za kiangazi, za sare za shule na za kodi ya chumba cha kijana aliyeko Ifakara mjini. Na bustanini, kuliko mahali pengine popote, ndipo bomba hufanya kazi bila kupumzika.

Hapo Kiswahili chetu nacho kina lawama yake. Neno rasmi ni kiuatilifu, lakini sijawahi kumsikia mtu akiingia duka la pembejeo na kuomba kiuatilifu. Huomba dawa. Dawa ya wadudu, dawa ya majani, dawa ya kukuzia. Shambani hapulizi sumu, anapiga dawa. Na dawa ni neno la zahanati, la mama anayemwekea mtoto kijiko mdomoni. Ukiongeza dozi ya dawa, akili ya kawaida inakuambia mgonjwa atapona upesi. Ndiyo maana kopo likiisha huoshwa na kutiwa mafuta ya taa, au maji ya kunywa ya kibarua. Laiti tungelisema tangu mwanzo kwamba tunapiga sumu, huenda tungeshika bomba kwa namna nyingine.

Ua la Mafinga

Kilombero si mgeni wa chandarua. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara ndogo ya utafiti pale Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 watafiti wake waliendesha mradi wa KINET, wa kusambaza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mwanakijiji wa Kilombero na Ulanga angeimudu, vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet: kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne waliotumia vyandarua hivyo, uwezekano wa kuendelea kuishi ulipanda kwa asilimia 27. Kabla ya nchi nzima kujua Hati Punguzo, ile vocha ya kupunguziwa bei ya chandarua, hapa bondeni watu walishajua maana ya kulala ndani ya neti. Kwa hiyo tunapozungumzia chandarua cha Kilombero tunazungumzia watoto waliopona, ambao leo ni watu wazima wenye bustani zao.

Sumu iliyowekwa kwenye vyandarua hivyo ina asili inayopendeza kusimuliwa. Ukipanda juu kutoka bondeni, ng'ambo ya Udzungwa, unafika nyanda za Iringa na Mufindi ambako wakulima wanachuma pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano. Ua hilo lina kemikali inayomwangusha mdudu mara moja, na Mafinga kuna kiwanda kinachoikamua. Ila kemikali hiyo ina udhaifu mmoja: jua linaiharibu haraka. Ukipuliza asubuhi, jioni imekwisha nguvu. Wanakemia walihangaika na udhaifu huo kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walipotangaza permethrin, nakala ya kiwandani ya sumu ya pareto isiyoogopa jua. Ndugu zake wakafuata: deltamethrin, cypermethrin, lambda-cyhalothrin. Kwa pamoja huitwa pairethroidi.

Hazina sumu kali kwa binadamu kama zile za zamani, zinadumu, na bei yake inavumilika. Kwa sifa hizo zikawa kwa miaka mingi kundi pekee lililokubaliwa kupakwa kwenye vyandarua. Na kwa sifa hizo hizo zikajaa madukani kwa ajili ya nyanya na kabichi. Udhaifu ulioondolewa maabara ndio uliokuwa ukitulinda. Sumu inayokufa jioni haimpi mdudu muda wa kujifunza.

Usugu, yaani mdudu kutodhurika tena na sumu, hauji kwa uchawi. Mkulima akimaliza kupiga dawa hulisuuza bomba mtaroni au kwenye kidimbwi cha kumwagilia. Kidimbwi hicho kina viluwiluwi vya mbu. Wengi hufa, na wachache waliozaliwa na maumbile ya kuhimili hubaki, hukua, huzaana. Msimu kwa msimu wanaobaki ni wengi zaidi. Halafu mbu huyo hutua kwenye chandarua usiku na kukutana na harufu anayoifahamu tangu utotoni. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Nancy Matowo wa taasisi hiyo ya Ifakara walichapisha katika Malaria Journal uchunguzi wao juu ya viuatilifu vya wakulima wa bonde hili. Walikuta pairethroidi ni miongoni mwa dawa za wadudu zinazotumika sana, na walikuta wakulima wengi hawana elimu ya kutosha ya kuzitumia na kutupa mabaki yake. Ushauri wao ulikuwa kwamba watu wa kilimo na watu wa afya wakae meza moja.

Nisieleweke vibaya. Vyandarua vyenyewe na dawa za kupuliza majumbani nazo zimechangia usugu huo, na hakuna anayeweza kusema nyanya ndizo zenye kosa lote. Lakini kati ya matumizi mawili ya sumu hii, moja linaokoa mtoto na jingine linatafuta nyanya isiyo na doa. Kama lazima moja lipumzishwe, sidhani kama kuna haja ya kupiga kura.

Matuta yangu sita

Nina ushahidi wangu mdogo, wa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nililima nyanya, matuta sita tu, si ya biashara. Kantangaze akaingia. Msomaji wa mjini asiyemjua mdudu huyu na apewe habari: ni nondo mdogo wa kijivu kutoka Amerika ya Kusini, jina lake la kisayansi Tuta absoluta, ambaye aligunduliwa nchini mwaka 2014 huko Arumeru na kwa muda mfupi akaenea hadi wakulima wakambatiza jina la kutangaza umaskini wao. Kiluwiluwi chake hutoboa jani na kula nyama ya ndani huku ngozi mbili za jani zikimfunika kama mwavuli. Dawa inayopita juu haimfikii.

Nikaenda dukani. Muuzaji akanipa kopo na ushauri wa bure, kwamba niongeze kizibo kimoja juu ya kipimo kilichoandikwa. Nikapiga kila wiki. Kantangaze hakushtuka. Waliokufa walikuwa buibui, nyigu wadogo na wale wadudu kibibi wekundu wenye madoa meusi ambao watoto huwachezea kiganjani. Wiki ya nne vidukari, ambao hapo mwanzo hawakuwa tatizo, waliyafunika machipukizi yote mpaka yakanata. Nilikuwa nimewaua askari na kumwacha mwizi.

Nilidhani ni ujinga wangu binafsi, hadi nilipojua kwamba taifa zima liliwahi kupitia njia hiyo. Indonesia katika miaka ya 1970 ilitoa ruzuku ya dawa za wadudu kwa wakulima wa mpunga, na mdudu mmoja wa kahawia anayefyonza mashina akazidi kuongezeka kadiri alivyopigwa, kwa kuwa buibui wa majaruba walikuwa wamemalizwa. Mwaka 1986 Rais Suharto, ambaye hakuna aliyemshuku kuwa mwanaharakati wa mazingira, alipiga marufuku dawa 57 zisitumike kwenye mpunga. Wakulima wakafundishwa kwanza kuhesabu wadudu wabaya na wazuri kabla ya kushika bomba. Mavuno hayakuanguka.

Nilichojifunza kwa kantangaze ni kazi ya mikono. Jani lenye michirizi myeupe lichumwe mapema na kufukiwa chini kabisa au kuchomwa, lisitupwe pembeni mwa bustani. Nyanya isifuatiwe na nyanya, wala bilinganya, wala viazi mviringo, maana kwa mdudu huyu ni chakula kilekile kwa sahani tofauti. Kitalu kifunikwe na chandarua. Hapa naomba nisisitize: chandarua kilichochakaa, kilichokwisha kazi yake kitandani. Katika vijiji vingi neti kuukuu tayari huzungushiwa miche ya mboga kuzuia kuku, na yule aliyebuni jambo hilo alikuwa mbele ya wataalamu. Nondo haingii, dawa haihitajiki, na kile kilichomlinda mtoto miaka mitatu kinalinda kabichi msimu mmoja zaidi.

Mwarobaini hauna haraka

Sasa tuje kwenye majani, ambayo ndiyo watu huyatarajia wakisikia habari ya kilimo hai.

Mwarobaini unajulikana. Majani yake, na hasa mbegu zake, yana kemikali ambayo humkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba, hivyo hakui. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mtu aliyezoea kupiga dawa saa moja na kuona wadudu wamelala chini saa mbili, akipuliza mwarobaini kesho yake anawakuta wadudu wanatembea. Anasema hakuna kitu hapa. Hajui kuwa wanatembea bila kula, na kwamba watoto wao hawatafika utu uzima. Mwarobaini unamtaka mkulima atazame jani siyo mdudu: kama matobo mapya hayaongezeki, kazi inafanyika.

Yapo majani mengine ambayo hayahitaji hata kupandwa, kwa sababu yameshika pembe za mashamba bila kuombwa. Mwaka 2015 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti wa Prisila Mkenda na wenzake, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Walipima kwenye maharage dawa zilizotengenezwa kwa magugu ya kando ya shamba, yakiwemo alizeti pori lile la maua ya njano yanayofunika barabara nyingi za Morogoro, mtugutu wenye majani machungu, na utupa. Mavuno yalilingana na ya viwanja vilivyopigwa dawa ya dukani, huku wadudu marafiki wakibaki wengi zaidi. Kipimo kilikuwa rahisi: kilo moja ya unga wa majani makavu kwa lita kumi za maji, ilowekwe usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa, na sabuni kidogo iongezwe ili dawa ishike jani. Ipulizwe jioni. Jua, kama tulivyoona kwa pareto, ni adui yake.

Utupa bondeni una historia nyingine. Wavuvi wa zamani waliuponda na kuutia kwenye madimbwi yaliyobaki baada ya mafuriko, samaki wakaelea wamelewa. Sheria leo inakataza uvuvi huo, na kwa sababu nzuri. Ninaikumbusha habari hiyo kwa sababu kuna ugonjwa unaoenea mijini wa kudhani kuwa kitu kikitoka kwenye mti basi hakidhuru. Sumu ya utupa huua samaki kabla haijamuua kidukari. Ukisuuza bomba la utupa mtoni Mngeta, umefanya kosa lilelile la mwenye kopo. Tumbaku nayo, ambayo wengine huichemsha na kupuliza, ina nikotini inayoweza kumuangusha mpigaji mwenyewe. Majivu na pilipili kichaa havina hatari hiyo, ila pilipili itakufundisha adabu siku ya upepo.

Halafu kuna jambo ambalo wahubiri wa dawa za asili hawapendi kulitaja. Kopo la dukani, kama si la bandia, lina kipimo kinachojulikana. Majani hayana. Huko Malawi watafiti walikuta utupa wa aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho, mmoja unaua na mwingine hauui chochote. Mkulima aliyepanda ule wa pili atasema, kwa haki, kwamba ameongopewa. Tiba yake ni ndogo lakini ina subira: jaribu kwenye matuta mawili kwanza, chukua mbegu kutoka mti uliofanya kazi, gawia jirani.

Samadi iliyopita mlangoni

Kuhusu mbolea, Mngeta ina utajiri usiotazamwa. Nje ya kila mashine ya kukoboa mpunga kuna kilima cha pumba. Huachwa, au huchomwa na moshi wake ukafuka siku tatu. Pumba hizo zikitandazwa kwenye matuta huzuia magugu na kutunza unyevu. Zikichomwa polepole mpaka zikawa mkaa, si majivu, huusaidia udongo kushika mbolea. Majani ya mpunga baada ya kupigwa nayo huishia kwenye moto, wakati ndiyo matandazo bora ya nyanya, kwa sababu tone la mvua halirushi tena udongo wenye ukungu kwenye majani ya chini.

Samadi ni hadithi chungu zaidi. Katika miongo ya karibuni wafugaji, Wasukuma wengi wao, wameingia bondeni na mifugo. Wakulima na wafugaji wamegombana, wameumizana, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo ili kuliokoa bonde. Sina nia ya kuufungua mgogoro huo hapa. Ninachosema ni kwamba katika kugombea wapi ng'ombe akanyage, hakuna aliyezungumzia kile ng'ombe anachoacha nyuma. Samadi inalala kwenye maboma, umbali wa safari moja ya mkokoteni, na mkulima anapanga foleni ya mfuko wa mbolea wa ruzuku. Huenda ugomvi ungekuwa na upande wa pili kama kungekuwa na biashara kati ya hao wawili.

Wala sisemi mfuko wa dukani uachwe kesho. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilizuia mbolea na dawa zote za viwandani kwa mpigo, bila kuwaandaa wakulima. Mavuno ya mpunga yaliporomoka, nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikaagiza kutoka nje, na amri ikafutwa kabla ya mwaka kwisha. Udongo uliozoea kulishwa kwa mfuko hauachishwi ziwa kwa tangazo la redio.

Nani anapalilia?

Mpaka hapa nimezungumzia bustani, ambako mambo ni mepesi. Mpunga ni kesi nyingine, na huko adui mkuu siyo mdudu, ni majani.

Mpunga wa bondeni kwa kawaida humwagwa, hauchomekwi kwa mistari. Unaota pamoja na ndago na mpunga mwitu, na ukiwa mchanga hata mwenye shamba hawezi kutofautisha. Palizi ni kuinama kuanzia asubuhi hadi jua la saa kumi, miguu majini, wiki baada ya wiki. Wanaoinama zaidi ni wanawake. Dawa ya majani ilipofika kwa bei ya vibarua wachache, haikuhitaji kutangazwa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka glaifoseti mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na mabishano juu ya uamuzi huo hayajaisha. Lakini ukimsomea habari hiyo mama mwenye ekari tatu na mgongo wa miaka hamsini, atakuuliza swali moja: utakuja kunisaidia kupalilia? Mwandishi anayekula mchele wa Kilombero Dar es Salaam na asiye na jibu la swali hilo anyamaze kwanza.

Mngeta yenyewe iliwahi kuonyeshwa jibu mojawapo. Kuna shamba kubwa la hekta 5,818 lililofunguliwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Wakorea Kaskazini, likalala, kisha kuanzia mwaka 2008 likaendeshwa na kampuni ya Kilombero Plantations. Kampuni hiyo iliwafundisha maelfu ya wakulima wa vijiji jirani kilimo shadidi cha mpunga. Njia hiyo ilizaliwa Madagaska mwanzoni mwa miaka ya 1980 mikononi mwa padri Mjesuiti, Henri de Laulanié: mche wa siku nane hadi kumi na mbili, mmoja mmoja, kwa mistari ya sentimita 25 kwa 25, shamba likilowa na kukauka kwa zamu badala ya kufurika. Uzuri wake kwa habari yetu ni mistari. Penye mistari, mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono hupita katikati, ikang'oa magugu na kuyafukia yawe mbolea. Mtu anapalilia akiwa amesimama.

Haikuwa pepo. Kifurushi kilikuja na mbegu ya SARO 5, mbolea ya dukani na mkopo, na ripoti ya Taasisi ya Oakland ya mwaka 2015 ilidai kuwa mkopo huo uliwaingiza baadhi ya wakulima kwenye madeni. Kampuni nayo baadaye ilishindwa kuendelea. Tena kulowesha na kukausha kunataka maji yanayotii, na maji ya bondeni masika hayamtii mtu. Lakini mstari na mashine ya kusukuma havikuhitaji kampuni wala mkopo mkubwa. Fundi wa kuchomelea anaweza kuiunda. Kama kuna jambo moja la kuombea bajeti katika vijiji hivi, ni hilo, kabla ya semina nyingine ya kufundisha watu kutwanga majani.

Ndege pia wana somo lao. Kwelea kwelea wanapovamia, serikali huleta ndege ya kunyunyiza sumu, na wanaokufa si kwelea kwelea peke yao. Wenyeji wa bonde wana njia yao kongwe, kuamia: mtu juu ya dungu, kombeo, debe bovu, na sauti inayokauka kufikia Juni. Wapo wanaolicheka dungu. Ni chombo cha kilimo kisichoacha mabaki yoyote kwenye mchele, ila tu kinakula muda wa watoto ambao wangepaswa kuwa darasani.

Meza moja ambayo haijakaliwa

Kwa upande wa karatasi, nchi haijalala. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha. Mwaka 2023 Wizara ya Kilimo ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo hai unaofika hadi 2030. Morogoro kuna shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, lililoanzishwa mwaka 2011 na Janet Maro na Alexander Wostry, lenye kituo cha mafunzo Vianzi ambako mkulima hufundishwa kwa kushika udongo. Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa utaalamu wa Kuba kinachotengeneza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu majini, bakteria ambao hawana habari na samaki wala binadamu. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri ziinunue dawa hiyo. Majaruba na vidimbwi vya Mngeta ni mahali pa kuijaribu kwa dhati kama popote.

Kinachokosekana ni kile walichoomba watafiti wa Ifakara. Mhudumu wa afya anagawa chandarua bila kuuliza kinachopulizwa bustanini. Bwana shamba anapendekeza dawa ya nyanya bila kuuliza kilichopakwa kwenye chandarua. Kijiji ni kimoja, mbu ni yuleyule.

Wakati wakubwa wanatafutana, kuna kazi ambayo msomaji anaweza kuifanya leo, awe Mngeta, Mang'ula au Mbagala. Geuza lebo iliyoshonwa pembeni ya chandarua chako, usome jina la dawa iliyomo. Kisha chukua kopo la dawa ya wadudu, la bustanini au lile la kupulizia mende sebuleni, usome maandishi madogo chini ya jina la biashara. Tafuta herufi tano za mwisho: t-h-r-i-n. Ukizikuta kote kuwili, acha za chandarua zibaki, na dukani omba kitu kingine. Muuzaji akikuuliza kwa nini, mweleze. Huenda naye analala chini ya neti.